Maswali ya Wasomaji: Mkunga wa Umeme au Samaki Kisu?

SWALI: Ndugu wahariri, nimeuziwa samaki mweusi, bapa kama panga, mkiani ana pete mbili nyeupe. Muuzaji kasema ni mkunga wa umeme. Mchana kutwa hujilaza ubavu ndani ya bomba, na watoto wanaogopa kutia mkono tangini. Kweli ndiye? Na mbona wavuvi wa Ruvu wanasema hata domodomo ana umeme?
Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Watoto wasiogope. Pete hizo zinamtaja: ni Apteronotus albifrons, samaki kisu wa Amerika Kusini. Mkunga wa umeme, ambaye si mkunga hasa bali ni jamaa wa huyo wako, ndiye wa kukaa naye mbali; mwaka 2019 watafiti walitangaza kupima mmoja aliyetoa volti 860. Wa kwako umeme wake ni mdogo mno, mkono hauuhisi. Anautumia kupapasia gizani.

Hata hivyo usiamini rangi peke yake, tazama mapezi. Pezi refu la chini huanzia karibu na koo likaishia jirani na mkia, na kwa kulipigisha mawimbi huenda mbele na kurudi kinyumenyume bila kupinda mwili. Mwisho wa mkia pana kipezi kidogo, ambacho jamaa zake wa familia nyingine hawana. Ukiona kimanyoya kimesimama mgongoni, umeuziwa samaki kisu wa Asia, na huyo hana umeme kabisa. Pezi refu likiwa mgongoni na chini ni patupu, ni Gymnarchus wa Nile na Afrika Magharibi. Huyo hupita mita moja, mrudishe dukani.

Dawa ya ubishi ni kumsikiliza. Chukua nyaya mbili, menya ncha sentimita moja, zitumbukize zikiachana sentimita 15 sambamba na urefu wa samaki. Ziunganishe kwenye tundu la maikrofoni la amplifaya ya betri (ya betri tu, si ya kuchomeka ukutani). Utasikia kama filimbi isiyokata pumzi, mitetemo takriban 1,000 kwa sekunde. Ukipata mngurumo mzito tu, huo ni umeme wa nyumbani wa mitetemo 50: chomoa pampu, hita na taa ujaribu tena. Samaki akigeuka akazikingama nyaya, sauti hufifia, msubiri.

Kwenu Pwani adui yake ni kisima chenye chumvichumvi. Kwao maji hayana madini mengi. Chumvi ikizidi, umeme wake haufiki mbali na anakuwa kama kipofu. Punguza kwa maji ya mvua, robo ya tangi kila wiki, si kwa mkupuo. Joto liwe nyuzi 24 hadi 28.

Wavuvi hawajakosea. Domodomo ni ukoo mwingine, wa Afrika, uliopata umeme kwa njia yake. Mtie aliye hai kwenye ndoo ya maji ya mto, tumbukiza nyaya zilezile: utasikia tak, tak-tak, si filimbi.