Kura ya diwani London ni yako pia

Uchaguzi wa madiwani wa 2018 ulinikuta London, nina viza ya kazi na mwaka wa tatu wa kupanga nyumba. Vipeperushi vya wagombea vilidondoka mlangoni, nikavitupa bila kuvisoma. Niliamini ni mambo ya Waingereza wenyewe. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe, na nadhani wengi wetu tuko hivyo kwa sababu nyumbani mgeni hagusi karatasi ya kura.

Hapa sheria ni nyingine. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola mwenye miaka 18 au zaidi, anayeishi Uingereza kwa kibali halali, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, awe mwanafunzi, muuguzi au mke aliyemfuata mumewe. Si lazima uwe na pasipoti ya Uingereza. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Msumbiji zote zimo kwenye Jumuiya hiyo. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo, kwa hiyo kwa London watasubiri mpaka wapate uraia, na hilo linaniuma kwa sababu wanalipa kodi ileile ya halmashauri. (Wakihamia Scotland au Wales mambo hubadilika: kule mkazi wa taifa lolote mwenye kibali hupiga kura za mitaa.)

Kilichonizindua ni ukungu. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na ukungu mweusi kwenye ukuta wa chumba cha watoto, na binti yangu ana pumu. Mwenye nyumba alikuwa akiahidi tu, wiki baada ya wiki. Niliandika halmashauri nikajibiwa na mashine, nikaandika tena. Jirani mmoja, mama wa Kighana aliyekaa mtaa ule miaka mingi, akaniuliza: "Umekwenda kwa diwani wako?" Nikamwambia simjui. Akaniandikia jina na saa kwenye kipande cha karatasi.

Madiwani wengi hutenga siku za kukaa na wakazi, maktaba au kwenye ukumbi wa kanisa. Kwenye tovuti ya halmashauri utaona wameandika surgery. Usishtuke, hakuna upasuaji. Nilikwenda Jumamosi na picha za ukuta kwenye simu na barua zangu zote zikiwa na tarehe. Diwani alisikiliza dakika kumi, akaandika. Haikupita wiki mbili, ofisa wa afya ya makazi alikuja kukagua, maana halmashauri ina mamlaka ya kukagua hata nyumba za watu binafsi zinazopangishwa na kumwamuru mwenye nyumba atengeneze. Ukuta ulitengenezwa. Nilipomshukuru yule diwani ndipo aliponiuliza kama nimejiandikisha kupiga kura, nikaona aibu kujibu.

Basi nikuambie ninayoyajua sasa, ili usichelewe kama mimi.

London ina manispaa 32, na zote huchagua madiwani siku moja kila baada ya miaka minne, Alhamisi ya kwanza ya Mei: 2018, 2022, 2026, na kuendelea. Kujiandikisha ni kwenye tovuti ya serikali, dakika chache tu. Wataomba namba yako ya bima ya taifa (National Insurance). Kama huna, unaeleza kwa nini, na huenda wakakuomba nyaraka nyingine. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na hiyo ndiyo tarehe inayowaponyoka watu wetu. Ukihama nyumba, jiandikishe upya. Jina halikufuati.

Kuna wanaoogopa kwamba kuingia kwenye daftari kutawaharibia ombi la viza. Hii ni haki iliyomo kwenye sheria, na halmashauri ikikuandikia ikutake ujiandikishe, unawajibika kujibu. Unapojaza, chagua tu jina lako lisiwekwe kwenye nakala ya wazi ya daftari, ile inayouzwa kwa yeyote anayeitaka. Jina lako kwenye daftari kamili linasaidia pia pale benki inapokagua kama unakopesheka.

Sasa suala la nani wa kumchagua, na hapa ndipo nina mengi ya kusema. Wagombea watagonga mlango wako. Usiwafukuze, wala usiwaitikie tu "ndiyo, ndiyo" kwa adabu yetu ili waondoke. Kwanza tenganisha kilicho chao na kisicho chao. Mabasi na treni za chini ya ardhi ziko chini ya Meya wa London. Hospitali ni za huduma ya afya ya taifa. Viza ni wizara ya mambo ya ndani. Diwani akikuahidi hayo, anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Cha halmashauri ni taka, maktaba, maegesho, vibali vya ujenzi, ukaguzi wa nyumba za kupanga, nyumba za halmashauri zenyewe, na huduma za wazee na watoto walio kwenye shida, ambazo ndizo hula sehemu kubwa ya fedha. Na kodi ya halmashauri, bila shaka.

Mimi huwauliza jambo moja dogo ninalolijua vizuri. Mwaka 2022 niliuliza: manispaa hii ina maofisa wangapi wa kukagua nyumba za kupanga, na mkishinda mtaongeza au mtapunguza? Mmoja alinipa hotuba kuhusu Waziri Mkuu. Mwingine alisema hajui idadi, akaomba barua pepe yangu, na kesho yake akanitumia jibu. Sikujali tena rangi ya chama chake. Kwa aliyeko madarakani, tazama kazi yake: halmashauri nyingi huweka mtandaoni mahudhurio ya kila diwani na kumbukumbu za vikao. Nusu saa jioni inatosha kujua nani haonekani.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Tangu 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania au ya Kenya inakubalika, hata ikiwa imeisha muda wake, ilimradi sura bado ni yako. Mwaka 2024 tulipomchagua Meya, rafiki yangu alikwenda na barua ya kumwalika kupiga kura akidhani inatosha, akarudishwa. Barua ile si lazima kabisa. Picha ndiyo lazima. Bahati nzuri alikwenda saa kumi na moja jioni, akawahi kurudi na pasipoti. Asiye na kitambulisho chochote anaweza kuomba cheti cha mpiga kura bila malipo, mwisho saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla.

Karatasi nayo ina mtego kwa sisi tuliozoea kata moja diwani mmoja. Kata nyingi za London zina madiwani wawili au watatu, na una kura kulingana na idadi hiyo. Mume wangu mara ya kwanza aliweka alama moja akatoka, akaacha kura mbili mezani. Unaweza kuchanganya vyama. Ila ukizidisha hata alama moja, karatasi nzima inaharibika. Na unaweka X. Kwetu X ni kosa na alama ya vema ndiyo sahihi, kwa hiyo mkono unasita. Weka X kwa yule unayemtaka.

Ukipiga kwa posta, usimpe mtu wa chama bahasha yako, hata awe mtu wa nyumbani anayekuita dada. Sheria sasa inawakataza wanakampeni kushika bahasha za kura za wengine. Mwaka 2015 mahakama ilifuta uchaguzi wa umeya wa Tower Hamlets, moja ya manispaa za London, wa mwaka uliotangulia kwa udanganyifu na vitendo haramu, na wakazi wakarudi kupiga kura upya.

Baada ya kura mpe diwani wiki chache aanze kazi na ajue ofisi zilipo, halafu nenda siku yake ya kusikiliza wakazi hata kama huna tatizo. Mwambie jina lako na mtaa wako. Mimi nilikwenda Juni 2022 na binti yangu, akamwonyesha picha mbili kwenye simu: ukuta wa zamani, na ukuta wa sasa aliobandika michoro yake.