Maswali na Majibu: Pointa za Stringi Ndani ya Keneli

Keneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, stringi ya C ni mfululizo wa herufi unaofungwa na baiti ya sifuri, na pointa ni anwani ya mahali kwenye kumbukumbu.

Nimefuta strncpy zote kwenye draiva yangu ya Linux, nikaweka strscpy (vyote ni vitendakazi vya kunakili stringi). Kazi imekwisha?

Haijaisha, umebadilisha jina tu. Chukua safu ya baiti 16, kama ile inayobeba jina la prosesi. Ukiijaza herufi 16 kamili kwa strncpy, sifuri ya kufungia haina pa kukaa, na printk, inayochapisha ujumbe wa keneli, itasoma ya kwako na ya jirani mpaka ikutane na sifuri popote ilipo. strscpy inaziba tundu hilo, lakini haijazi sifuri nafasi inayobaki kama strncpy ilivyokuwa ikijaza. Muundo wa data wenye safu hiyo ukipelekwa kwa programu ya mtumiaji, baiti za mkiani zinaweza kutoka na mabaki ya kumbukumbu ya keneli. Unasafisha huku unavujisha! Hapo panatakiwa strscpy_pad, inayojaza sifuri nafasi inayobaki. Na jibu lake lisomwe: ikikata stringi inarudisha -E2BIG, msimbo wa kosa. Viraka vingi (mabadiliko ya msimbo) ninavyoletewa nivikague vinalitupa jibu hilo, na jina lililokatwa linaendelea na safari kana kwamba ni zima.

sizeof(p), inayopima ukubwa, inanipa 8, na bafa yangu (nafasi ya kuwekea stringi) ni baiti 64. Kompaila ni mbovu?

Si mbovu. p ni pointa, na kwenye mashine ya biti 64 pointa ni baiti 8. Swali hili nimelijibu mno. Pitisha ukubwa pamoja na pointa.

strlcpy, nayo ya kunakili stringi, imeenda wapi?

Iliondolewa kwenye Linux 6.8, mwaka 2024. Ilisoma chanzo chote hata ukitaka baiti 4 tu, hivyo chanzo kisicho na sifuri kiliifanya isome kupita mwisho wa chanzo hicho. Tafadhali usiinakili upya kwenye faili lako.

Stringi ilitoka kwa kstrdup_const, inayotengeneza nakala ya stringi. Nimeipa kfree, inayoachilia kumbukumbu, mashine ikaanguka.

kstrdup_const ikikuta stringi iko kwenye eneo la kusomwa tu la keneli, hainakili. Inakurudishia pointa ileile. Umeachilia kisichokuwa chako. Tumia kfree_const. Nawasihi, kabla ya kugusa mstari wowote, jueni stringi ni ya nani na nani ataiachilia.

Pointa ya mtumiaji naisoma moja kwa moja, na kwangu inafanya kazi.

Acha leo. Tumia strncpy_from_user, inayonakili stringi kutoka kumbukumbu ya mtumiaji, na ikirudisha idadi ileile uliyoomba, ujue hakuna sifuri mwishoni. Ukishanakili, fanya kazi na nakala yako; usirudi kusoma kwa mtumiaji mara ya pili, maana uzi mwingine wa programu yake (sehemu inayoendeshwa sambamba) unaweza kuwa umeshabadilisha maneno uliyokwisha kuyakagua.