Shangazi, nimeshindwa kuandika "asante"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mafinga. Mume wangu alikuwa dereva wa fuso la mbao, na kwenye kwaya ya usharika aliimba besi. Mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yamempotea, amebaki na "ndiyo" na "hapana", nazo mara nyingine anazichanganya. Alfajiri nauza chai na vitumbua stendi. Nikirudi namwogesha, namlisha, namfanyisha mazoezi tuliyoonyeshwa hospitali. Shemeji zangu wawili hupiga simu kila Jumapili kumjulia hali.*

*Mama mmoja wa jumuiya yetu alinipa daftari, akaniambia niandike kila siku mambo kumi ya kumshukuru Mungu. Niliandika kwa miezi, mwisho nikawa narudia yale yale: hewa, maji, uhai. Juzi usiku mume wangu alianguka bafuni. Sikuweza kumnyanyua. Tulikaa kwenye sakafu ya saruji mpaka jirani alipoamka. Siku hiyo niliandika "leo sina", nikalisukuma daftari chini ya godoro. Mzee wa jumuiya nilipomweleza alinisomea 1 Wathesalonike 5:18, akanikumbusha wana wa Israeli walivyoangamia jangwani kwa kunung'unika, akasema huenda manung'uniko yangu ndiyo yanayochelewesha uponyaji. Shangazi, nimekufuru? Na nikiandika asante huku moyoni nina hasira, si ninamdanganya Mungu? Kuna usiku natamani nilale nisiamke.*

*Mama Watatu, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole na kuuguza, pole na stendi ya alfajiri, na pole na hiyo saruji, maana baridi ya Mafinga usiku si ya kukalia sakafuni.

Hujakufuru. Nalisema mwanzo kabisa ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita. Mtu anayeuguza peke yake mwaka mzima, halali, hali vizuri, akaanza kutamani asiamke, huyo hana upungufu wa imani. Amechoka mpaka mwili na akili vimeanza kuumwa. Siku ya kliniki ya mumeo, mwambie daktari maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi, usiyapunguze makali. Leo kabla hujalala mwambie mtu mmoja unayemwamini. Na ikitokea siku tamanio hilo likageuka kuwa mpango, usingoje kliniki, mwamshe jirani usiku huo huo uende hospitali.

Sasa turudi kwa mzee wako wa jumuiya. Kisa alichokutajia kipo Hesabu sura ya 11, na ninamshukuru kwa kukitaja, ila nadhani aliishia njiani. Watu walilia kila mmoja mlangoni pa hema yake, wakawakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Walitamani kurudi utumwani kwa ajili ya mboga. Mungu alikasirika, hilo ni kweli. Lakini katika sura hiyo hiyo yumo mlalamikaji mwingine, na maneno yake ni makali kuliko ya wale wa vitunguu. Ni Musa. Anamuuliza Mungu kwa nini amemtendea mabaya mtumishi wake. Anamuuliza kama yeye ndiye aliyewachukulia mimba watu hawa wote, hata awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye. Anasema peke yake hawezi, mzigo umemshinda. Anamaliza kwa kuomba auawe, kuliko kuendelea hivyo.

Soma aya ya 16 na ya 17 uone Mungu alivyomjibu. Hakumpiga kwa pigo wala hakumpa daftari. Alimwambia amkusanyie wazee sabini, waubebe mzigo pamoja naye ili asiubebe peke yake. Wale wa mlangoni walimpa Mungu kisogo, wakamsema. Musa alimgeukia, akamsema usoni. Wewe ulipoandika "leo sina", uliandika kwenye daftari lililokuwa la kumwandikia Mungu, si lingine. Kwa hiyo ulikuwa bado unaongea naye. Mimi naliona neno hilo kuwa la kweli kuliko "asante kwa hewa" zote zilizolitangulia, na sidhani kama Yeye ameliona vingine.

Na ile 1 Wathesalonike 5:18, shukuruni kwa kila jambo, ni neno la Mungu na sitalipunguza hata nukta. Paulo aliwaandikia watu waliojua taabu. Yeye na Sila walitoroshwa usiku katika mji wao kwa sababu ya ghasia, na waliobaki walikuwa wanawalilia wapendwa wao waliolala. Lakini mtu akikusomea aya ya 18, mwombe apandishe macho mpaka aya ya 14. Hapo Paulo anawaagiza ndugu wote wawatie moyo walio dhaifu, wawatie nguvu wanyonge, wawe wavumilivu kwa watu wote. Agizo la kushukuru limekuja nyuma ya agizo la kubebana. Inakuwaje tunajua kwa moyo ile ya 18, inayomwagiza mgonjwa, na hii ya 14 inayotuagiza sisi wengine hatuikumbuki?

Kuhusu kuchelewesha uponyaji, naomba uliondoe kabisa moyoni. Kule Efeso watu walipona hata kwa leso zilizogusa mwili wa Paulo. Trofimo, mtu wa Efeso huyo huyo na mwenzake wa safari, Paulo anasema alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Basi. Hakuna maelezo, hakuna anayelaumiwa, Trofimo haambiwi amenung'unika wala haambiwi hana imani. Mwili wa mumeo unarudi polepole kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hurudi polepole, na kuna kingine huenda kisirudi chote. Mpe dawa zake alizoandikiwa hospitali kila siku bila kuruka, hata kama kuna mtu ataahidi maombi ya aina gani. Maombi na vidonge havijawahi kugombana.

Umeniuliza kama kuandika asante ukiwa na hasira ni uongo. Inategemea unashukuru nini. Ukiandika "asante kwa kiharusi" wakati kila kiungo chako kinasema hapana, ndiyo, huo ni uongo, na sioni nani amekutaka uuseme. Wapo watakaokuletea Waefeso 5:20, kumshukuru Mungu kwa mambo yote. Mimi huwaelekeza kwa Bwana Yesu mwenyewe. Usiku ule mmoja alishika mkate, akashukuru, akashika kikombe mezani, akashukuru. Saa chache baadaye yuko Gethsemane kifudifudi anaomba kikombe cha mateso kimwepuke. Alishukuru kwa chakula akiwa mezani na wenzake, na aliomba msalaba uondolewe, akajikabidhi kwa mapenzi ya Baba. Vyote viwili vilitoka kinywa kimoja usiku mmoja. Kama Yeye hakulazimika kuushukuru msalaba bustanini, wewe nani amekulazimisha kuishukuru ile sakafu?

Basi litoe daftari chini ya godoro. Mambo kumi yaache, hiyo ni hesabu ya mtu aliyepata usingizi wa saa nane. Gawa ukurasa kwa mstari wa kalamu katikati. Upande mmoja andika jambo moja tu la kushukuru, na liwe la siku hiyo, lenye sura. Usiandike "uhai". Andika kwamba leo amenyanyua kijiko kwa mkono wa kushoto hakukimwaga, au vitumbua viliisha kabla ya saa mbili, au yule kondakta alilipa deni lake bila kukumbushwa. Kitu kidogo chenye jina kinashukurika, hata na mwenye hasira. Upande wa pili andika "Hata lini?" Hayo ni maneno ya Daudi, Zaburi ya 13 inaanza nayo, kwa hiyo usione aibu. Hapo mwandikie Bwana kinachokuuma, hata kama ni shemeji zako. Kuna siku upande wa asante utabaki mweupe, uache mweupe. Zaburi ya 88 ni kilio tangu juu hadi chini, imeishia gizani, na wazee wa imani waliiacha mle ndani pamoja na zile za vinanda na matari. Walijua kuna watu wa kuihitaji. Ila kesho yake fungua ukurasa mpya. Kinachofanya shukrani iwe ya kila siku ni huko kurudi tu.

Fanya pia kitu kimoja pamoja na mumeo. Umeniambia alikuwa besi. Baadhi ya watu waliopotewa na maneno kwa kiharusi huweza kuimba maneno ambayo hawawezi kuyasema, hasa ya nyimbo walizoimba tangu utotoni. Jioni, ukishamlaza, mwimbie ubeti wa wimbo wa kitabuni anaoujua sana, taratibu, ukishika ule mkono wake mzima. Pengine atakusindikiza, pengine atatoa mlio tu bila maneno, pengine hatatoa kitu, na hapo usimlazimishe wala usimwone amepoa kiroho. Huyu baba naye amepoteza kazi, sauti na heshima ya kujiogesha mwenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali alipoulizwa yeye anajisikiaje, sikupaona. Sikulaumu. Muulize tu, kwa maswali ya ndiyo na hapana, na mpe muda wa kurekebisha akiyachanganya.

Nimefika mahali panaponiuma zaidi. Shemeji zako hupiga simu kila Jumapili. Wanauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Na wewe, naweka dau, unajibu, "Tunamshukuru Mungu." Nao wanasema, "Haya, tunamwombea," simu inakatwa. Kanisani vivyo hivyo. Mchungaji akisema "Mungu ni mwema", unaitikia "kila wakati" kwa sauti kuliko wote, unatoa bahasha yako ya shukrani, unarudi nyumbani kumnyanyua mtu mzima peke yako. Tumelelewa hivyo, mgonjwa hata akiwa mahututi jibu ni hilo hilo, na ni jibu la adabu. Lakini kwako limekuwa pazia. Watu wanakusikia ukishukuru, wanadhani mambo yanakwenda. Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeuficha kwa jina la Mungu.

Jumapili hii jibu hivi: "Tunamshukuru Mungu, yuko hai. Lakini usiku mmoja alianguka bafuni, nikashindwa kumnyanyua, tumekaa sakafuni mpaka asubuhi. Nahitaji kijana wa kulala hapa usiku, na nauli ya kliniki kila mwezi. Wewe utachukua lipi?" Kisha nyamaza. Usikimbilie kuwasaidia kujibu. Ukimya wa kwenye simu ni mgumu, lakini acha uwe mgumu kwao pia.

Halafu tafuta wazee wako, sabini siwezi kukuahidi. Sharika nyingi zina watu wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, kwa kazi hii hii. Nenda kwa mama mchungaji na orodha mkononi, maana "mtusaidie" haimtumi mtu popote. Wanaume wawili wa kumwogesha siku mbili kwa wiki. Mama mmoja wa kushika meza ya chai siku ya kliniki. Wale wenzake wa besi, waje wamwimbie, kwani wametoroka wote? Fundi wa kufunga chuma cha kushikia bafuni. Hospitali nako umwone afisa wa ustawi wa jamii, umweleze kipato cha vitumbua jinsi kilivyo, yeye ndiye anayejua utaratibu wa msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Na mwombe mtu wa mazoezi ya viungo akufundishe kumnyanyua bila kuvunjika mgongo, tena mwende na huyo kijana wa usiku ajifunze naye.

Mzee wa jumuiya msamehe. Nadhani aliogopa alivyouona uso wako, akashika aya iliyokuwa karibu. Mwambie Shangazi amemsalimu, na kwamba Jumamosi saa mbili asubuhi mumeo anaogeshwa, na upande wa kulia ndio unaohitaji mtu mwenye nguvu.

Niandikie ukishaongea na shemeji zako. Huyo wa pili, kama ni mtu wa mshahara, suala la nauli mpigie tarehe za mwisho wa mwezi.