Pemba na watoto: twende wapi?

SWALI: Tunatoka Unguja, na likizo hii tunataka kuwapeleka watoto wetu watatu Pemba, mahali penye ufuo usio na msongamano na vijiji vya shamba. Tuanzie wapi? – Mama wa watatu, Unguja

JIBU: Mama, anzieni kaskazini, Vumawimbi, katika rasi ya Kigomasha. Daladala zitawafikisha Konde. Kutoka hapo kodini gari, kwa sababu barabara inapita ndani ya msitu wa Ngezi, ambamo wanaishi popo wakubwa wa Pemba wanaokula matunda, na watoto hawatakubali kupitishwa bila kusimama. Ufukweni mchanga ni mweupe na watu ni wachache, lakini maduka hayapo, hivyo chukueni maji na chakula cha kutosha. Ulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuwaruhusu watoto kuogelea, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida.

Kuhusu vijiji, mimi ningevipa siku nzima, kuliko kuvitazama kupitia dirisha la gari. Wakati wa mavuno, karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya njia, na harufu yake hukutangulia kabla hujaziona. Waambieni watoto wasizikanyage, kwani hiyo ndiyo riziki ya mwenye nyumba. Vaeni mavazi ya stara, pigeni hodi, na msipige picha kabla ya kuomba ruhusa.