Muulize Shangazi: Nikifika mbele yake, nimwambie nini?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa Tanga, nasoma Grenoble, Ufaransa. Mapenzi yangu ya filamu za katuni yalianza utotoni, mjomba alipotuletea DVD ya Kirikou. Juni hii nitakwenda tamasha la filamu za katuni la Annecy, huku Ufaransa, kwa mara ya kwanza, na nimesikia waongozaji hukaa wakawasainia watu vitabu na mabango. Nahofia nitafika mbele ya mtu kama Michel Ocelot, mwongozaji wa Kirikou, au Tomm Moore wa Ireland kisha nibaki bubu. Je, ni adabu kuomba picha? Nina pia daftari la michoro na hadithi niliyoitunga mwenyewe, nimpe? Kifaransa changu bado ni cha kuungaunga.

Mpenzi wa katuni, Grenoble

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuandika mapema, maana jambo hili lina maandalizi yake. Irudie filamu unayoipenda. Itazame tena usiku mmoja, kalamu mkononi, uandike kitu kimoja tu ulichokiona kwa macho yako mwenyewe.

Karibu kila anayefika mezani kwa mwongozaji humwambia, "Naipenda sana filamu yako." Ni maneno mazuri, ila hayana jibu zaidi ya asante, na baada ya asante ndipo watu wanapobaki wakitazamana. Sasa chukua Wolfwalkers ya mwaka 2020, ambayo Tomm Moore aliiongoza pamoja na Ross Stewart katika studio ya Cartoon Saloon, mjini Kilkenny, Ireland. Mji umechorwa kwa mistari migumu, iliyonyooka, mfano wa picha za kale zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Msitu umechorwa kwa mistari inayotiririka, na alama za penseli zimeachwa zionekane. Muulize kuhusu Robyn, yule msichana wa mjini anayeingia msituni: "Mliamua wapi mistari ya Robyn ianze kulegea?" Hapo umemgusa kwenye kazi yenyewe, naye atakuwa na la kukusimulia.

Fikiria kazi hiyo ilivyo. Sinema hupita picha 24 kwa sekunde, na wachoraji wa mkono mara nyingi huchora 12, kila mchoro ukionyeshwa mara mbili. Dakika moja ya mhusika mmoja ni michoro 720. Mwigizaji wa jukwaani husikia vicheko usiku uleule. Mchoraji wa katuni hukaa dawatini miaka kabla hajajua kama kuna aliyeona alichokihangaikia. Ndiyo maana nasema usijione msumbufu. Mtu anayekuja na swali la kweli amemletea kitu alichokuwa akikingoja.

Kwa Ocelot, wewe una la kumwambia ambalo vijana wengi wa Ufaransa hawana. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1943, lakini sehemu ya utoto wake aliishi Conakry, Guinea. Kirikou ilitoka 1998, muziki wake ukiwa wa Youssou N'Dour, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo kuu ya filamu ndefu pale pale Annecy. Mwambie mliitazama wapi Tanga, nani alikuwa amekaa nawe, na mlivyocheka mtoto Kirikou alipojizaa na kujitaja jina. Yeye ni mzee: mwite Monsieur, tumia "vous", yaani "wewe" ya heshima, na usalimie kwanza kabla ya swali, kama ulivyolelewa.

Kama hawa wawili hawatakuwepo mwaka huu, watakuwepo wengine, na hapa nataka unisikilize sana. Niliwahi kumpeleka mwanangu kwenye meza za kusaini. Foleni ya mwongozaji maarufu ilikuwa imezunguka ukuta, na pembeni yake alikaa mama mmoja wa filamu fupi, hana mtu. Mwanangu akamwendea, akamuuliza kwa nini mkono wa babu katika filamu yake ulikuwa ukitetemeka hata pale mwili wote ulipotulia. Yule mama alichukua karatasi akamchorea mkono huo hatua kwa hatua, huku akimweleza kuwa ni mkono wa baba yake. Waongozaji wa filamu fupi wanapatikana, na wana muda. Asubuhi za tamasha huwa kuna mazungumzo yao na watazamaji. Amka mapema uende. Na kabla hujaondoka Grenoble, tafuta Yellow Fever ya Ng'endo Mukii wa Kenya, ya mwaka 2012, kuhusu wanawake wanaojichubua ngozi. Ni fupi, na itakufundisha kutazama.

Picha, ndiyo, omba. Subiri amalize kusaini, muulize, umpe simu aliye nyuma yako kamera ikiwa tayari imefunguliwa. Usimwekee mkono begani. Annecy ni mji mdogo, utawakuta kando ya mifereji wakila na familia zao. Hapo wapungie mkono na upite.

Daftari libaki mkobani. Hadithi yako usimpe kabisa: studio nyingi haziruhusu watu wao kusoma hadithi za wageni, kwa kuhofia madai ya baadaye ya kuibiwa wazo. Michoro ya kuombea kazi ina mahali pake, soko la Mifa linaloendeshwa pamoja na tamasha, ambako studio hutafuta wafanyakazi. Kiingilio chake ni cha peke yake, kwa hiyo uliza chuoni kwako mapema. Kwa mwongozaji, chora kitu kimoja kwa mkono wako, ukubwa wa postikadi, jina na anwani yako nyuma. Hiyo ni zawadi, naye hadaiwi jibu.

Lugha isikutie hofu. Kwa Moore zungumza Kiingereza. Kwa wengine, andika swali lako kwenye karatasi, mwalimu wako alisahihishe, ulisome polepole. Na ukiingia ukumbini ukaona ndege za karatasi zinarushwa kuelekea jukwaani, au watu wote wakapiga kelele "lapin!" sungura anapotokea, piga kelele nawe, ndiyo desturi yao. Tiketi huisha haraka, zikate kwenye intaneti siku zinapofunguliwa. Ukizikosa, usiku nenda uwanja wa Pâquier ulio kando ya ziwa, filamu huonyeshwa nje bila kiingilio. Beba koti.