Mtoto wa Miaka Mitano Hawekwi Lindo

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mkunga, mke wa mwanajeshi na mama wa wavulana wawili.

Swali: Shikamoo mama. Mume wangu ni mwanajeshi, na huu ni mwezi wa pili yuko kwenye operesheni. Hatarudi kabla sijajifungua. Mimba yangu ina wiki 29. Nina wavulana wawili, mkubwa ana miaka mitano na mdogo anakaribia mitatu. Siku baba yao anaondoka alimshika mkubwa bega akamwambia, "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, mlinde mama." Ndugu waliokuja kuaga nao wakarudia maneno hayo hayo. Tangu hapo mtoto amebadilika. Usiku anaamka kukagua kama mlango umefungwa. Ameanza tena kukojoa kitandani, na alishaacha kabisa. Mdogo wake akilia anampiga na kumwambia askari halii. Baba akipiga simu anajibu "ndiyo" na "hapana", kisha ananirudishia simu. Mimi mwenyewe nimechoka, kichwa kinauma tangu juzi na pete haivuliki tena, ila hayo najua ni ya ujauzito. Nisaidie kuhusu mtoto.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nilikupigia siku ile ile barua yako iliponifikia, na nitasema hapa nilichokuambia kwa sababu wako wengine wenye pete zisizovulika.

Kuvimba miguu jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Kuvimba mikono au uso, pamoja na kichwa kinachouma bila kuachia, mimba ikiwa imepita wiki 20, si jambo la kusubiri tarehe ya kliniki. Unakwenda leo. Watakupima presha na mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na mkojo ukaonyesha protini, wahudumu watafikiria ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Dalili nyingine ni kuona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya chembe ya moyo, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Damu ikitoka, au maji, usipime wala usiulize mtu, nenda. Na ujue kwamba presha hii inaweza kukujia hata baada ya kujifungua, hasa katika wiki sita za mwanzo, kwa hiyo kichwa kikali wakati huo nacho ni cha kwenda nacho hospitali.

Wake wa wanajeshi tuna tabia ya kuyaficha maumivu yetu ndani ya sentensi inayohusu mtu mwingine. Wewe uliyaweka mwishoni kabisa, baada ya mtoto, baada ya simu. Naomba uyaweke mbele.

Sasa kijana wako. Hana ukaidi wala hajaharibika. Amepewa lindo. Mtu anayempenda kuliko wote, akiwa amevaa sare, alimwachia kazi ya kulinda mama, na yeye akaichukua kama amri. Mtoto wa miaka mitano bado hajui kutenganisha maneno ya kumpa moyo na maneno ya kumpa wajibu. Kwake mlango usipofungwa na kitu kikatokea, kosa ni lake. Ndiyo maana anaamka. Anajibu baba yake kwa neno moja kwa sababu akiongea zaidi atalia, na amejifunza kwamba askari halii. Kilio anachokizuia mchana kinapata njia nyingine, na mdogo wake anakula makofi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iko kwa baba. Atakapopiga simu, umweleze kwanza wewe, mtoto asiwepo. Kisha amwite mwanawe na amtoe zamu kwa namna ile ile aliyomweka. Aseme hivi: "Mwanangu, lindo lako limekwisha. Umefanya vizuri. Kuanzia leo mlango ni kazi ya mama. Wewe kazi yako ni kulala." Mwanajeshi anajua uzito wa kukabidhiwa zamu na uzito wa kuipokea, na mtoto wake ameukulia. Neno hilo wewe huwezi kulisema kwa niaba yake likafanya kazi sawasawa. Halafu aongeze kwamba yeye mwenyewe humkumbuka na wakati mwingine hulia. Najua kuna wanaume watakaoona hili ni gumu. Nawaomba walifanye hata hivyo, kwa sababu mtoto anayeamini baba halii atamficha baba mengi atakapofika miaka kumi na mitano.

Kila usiku, mfunge mlango pamoja mara moja, aone, kisha useme, "Mama amefunga, tukalale." Akiamka tena, mrudishe kitandani bila maneno mengi. Na hao ndugu uwaambie wazi kwamba lile neno la mwanamume wa nyumba halisemwi tena mbele yake. Kama anataka kusaidia, mpe kazi ya saizi yake: kupanga viatu, kumchagulia mtoto ajaye nguo moja ya siku ya kwanza. Kazi ambayo hata akiisahau hakuna kinachoharibika.

Kuhusu kitanda kulowa, usimchape na usimwaibishe, hasa mbele ya mdogo wake. Weka plastiki chini ya shuka na shuka ya akiba karibu. Mtoto aliyekuwa mkavu akaanza tena baada ya mabadiliko makubwa nyumbani kwa kawaida huacha hofu ikipungua. Hata hivyo mpeleke apimwe mkojo, kwa sababu maambukizi nayo huleta hali hiyo. Ukiona anakunywa maji mengi kuliko kawaida na anakonda, usichelewe, hiyo inaweza kuwa kisukari.

Kwenye simu asiulizwe "hujambo, unasoma vizuri?" Hapo mtoto yeyote atasema ndiyo. Kabla baba hajapiga, mwache achore kitu, na baba aulize kuhusu hicho kitu: huyu mrefu ni nani, kwa nini gari lina magurudumu matano. Kwa huyu mdogo, simu peke yake haitoshi kumkumbusha. Mume wako arekodi sauti yake akisimulia hadithi fupi, au akiwaita wote kwa majina, mwache asikilize kabla ya kulala. Picha ya baba iwe chini ukutani, usawa wa macho ya mtoto, si juu ya kabati. Na usimtenge aliye tumboni: wiki zako hizi anasikia sauti. Mkicheza ile rekodi na yeye yumo.

Usiwape tarehe ya kurudi. Mwenzangu, tarehe za jeshi zinahama, na mtoto aliyehesabu siku akakosa atakuona wewe ndiye mwongo. Sema, "Baba atarudi kazi yake ikiisha." Akiuliza kama baba anaweza kuumia, usiape kwamba hawezi. Mwambie baba amefundishwa kazi yake na yuko na wenzake wanaotazamana. Wala msiandike mitandaoni yuko wapi na anarudi lini, hata kwa furaha ya mtoto kuzaliwa.

Kuna jambo hujaniuliza. Siku ya uchungu utahitaji watu wazima wawili, mmoja wa kukaa na wewe na mwingine wa kukaa na wavulana. Usimtegemee mtu mmoja kwa kazi zote mbili, maana uchungu ukianza usiku wa manane atachagua watoto na wewe utabaki peke yako. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito awe na mtu anayemtaka karibu naye wakati wa kujifungua, na hakuna aliyesema mtu huyo lazima awe mume. Wakati wangu wa pili alikuwa jirani wa kambini, na mkono wake naukumbuka mpaka leo. Wavulana wakalale kwake huyo atakayewalea mara moja au mbili kabla ya siku yenyewe. Nenda kikosini uulize nani atapeleka habari kwa mume wako mtoto akizaliwa, na kama kuna karatasi yoyote inayohitaji sahihi yake, upate sasa hati ya kisheria ya kukuruhusu usaini. Kadi ya kliniki isikae kabatini, iwe kwenye mkoba wako, kwa kuwa familia zetu huhamishwa bila notisi ndefu.

Mdogo akitaka kubebwa, kaa chini apande mwenyewe mapajani. Lala kwa ubavu, na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi ulivyopewa vimeze.

Ukishajifungua, machozi ya siku za kwanza huwapata wengi na huisha yenyewe. Yakipita wiki mbili, au ukiona huna hamu na mtoto, au likaja wazo la kujidhuru au kumdhuru, hapo unamwambia mhudumu siku hiyo hiyo. Usingoje mume arudi ndipo uugue.

Swali: Mimi ni askari, nimerudi nyumbani baada ya miezi minane. Mwanangu wa miaka miwili ananikimbia na kujificha nyuma ya mama yake. Usiku hataki nilale chumbani. Mke wangu ni mjamzito tena. Nimlazimishe anizoee?

Jibu: Usimlazimishe mtoto, baba. Miezi minane ni theluthi ya maisha yake. Kaa sakafuni karibu na vitu vyake, cheza peke yako, umwache akukaribie. Vua buti na sauti ya kikosini mlangoni. Wiki za mwanzo usibadilishe saa za kulala wala sheria za nyumba, na adhabu zibaki mikononi mwa mama. Omba kazi ndogo za kila siku, kama kumwogesha, mama akiwa hapo hapo, kisha polepole mama akae mbali kidogo. Kama amezoea kulala na mama, mhamisheni mapema, miezi kadhaa kabla ya mtoto kuzaliwa, asione kwamba wewe au mtoto mpya mmemfukuza. Nenda na mkeo kliniki ukiwa likizo. Na kama unakaa na silaha nyumbani, iwe haina risasi, imefungiwa kwa ufunguo, na risasi zimefungiwa mahali pengine. Mtoto wa miaka miwili hufungua zaidi ya unavyodhani.

Swali: Mwanangu wa miaka minne, baba yake akiwa kazini, kila siku anacheza kuzika askari kwa vijiti. Naogopa. Nimkataze?

Jibu: Hapana. Kaa karibu uulize, "Huyu askari ni nani? Wenzake wako wapi?" Watoto wadogo huitoa hofu kwa mchezo kabla hawajapata maneno yake. Mara nyingi utaona siku nyingine askari anafufuka, au daktari anakuja. Mchezo ukibaki ule ule kwa wiki nyingi bila kubadilika, au akaacha kula, kulala na kucheza na wenzake, mpeleke kwa daktari wa watoto au mshauri nasaha, na umweleze kwamba baba yake ni mwanajeshi na yuko mbali.