Swali: Kompyuta ya mtumba icheze gemu

Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, prosesa i5, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4. Nataka gemu, na filamu zifike hadi TV ya sebuleni. – Msomaji, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa

Jibu: Anza na SSD (diski ya kuhifadhia iliyo na kasi), kisha RAM mbili za aina ya DDR3, GB 4 kila moja, zikiwa jozi hufanya kazi kwa kasi zaidi. Kadi kubwa ya picha achana nayo: pawasaplai yako ni wati 240 tu, na kasha halina nafasi. Chukua kadi ndogo ya GT 1030, ile fupi, wati 30, isiyohitaji waya wa umeme. Tafadhali soma boksi! Kumbukumbu ya kadi iwe GDDR5, ya DDR4 ina jina lilelile ila gemu hukwamakwama. Pangusa vumbi kwenye feni, badilisha pesti ya prosesa (ile krimu ya kupitisha joto). Filamu zipitishe kwa kebo ya LAN (waya wa mtandao) hadi TV; kuta nene za matumbawe za nyumba za huko hudhoofisha waifai.